Kidole kinagoma kulipa kwenye simu: tafuta kwanza kimegomea wapi

Kidole kikigoma wakati wa kulipa, watu wengi wana maneno mawili tu, "simu imeharibika" au "mtandao unasumbua", afu wanarudi kwenye nyota mia hamsini (ile menyu ya *150*) kama zamani na ile setingi ya fingaprinti inabaki pambo. Kumbe kidole kinaweza kugomea sehemu tatu na kila sehemu ina dawa yake, sasa ukikazana kufuta kidole na kukisajili upya wakati shida ni salio utashinda hapo mpaka jioni.

Sehemu ya kwanza: simu yenyewe haikutambui. Ya pili: simu inakutambua vizuri tu ila apu ya pesa haitaki. Ya tatu: simu imekubali, apu imekubali, hela ndo haijaenda. Kuzitofautisha ni rahisi, zima kioo halafu fungua simu kwa kidole hichohicho unacholipia, rudia rudia. Ikigoma hata kufungua kioo, uko sehemu ya kwanza. Ikifunguka fasta kila mara lakini ukiingia kwenye apu unadaiwa namba ya siri, ruka moja kwa moja mpaka kule kwenye mambo ya apu. Na kama ukiweka kidole inakupa tiki afu inazunguka zunguka mpaka inakuambia jaribu tena baadaye, kidole chako hakina kosa, mwachie amani.

Mimi natengeneza simu hapa Mwanga, Kigoma, na wateja wangu wengi ni wavuvi, akina mama wa dagaa, wauza mawese, boda na mafundi ujenzi, kwa hiyo nimeandika nikifikiria mikono ya namna hiyo. Maelekezo mengi ya mitandaoni yanamfaa mtu mwenye kidole laini anayekaa chini ya feni.

Kwanza kidole chenyewe kinafanya nini

Kidole hakilipi. Kidole kinafungua kufuli ndani ya simu, na nyuma ya hilo kufuli ndo kuna ufunguo au namba yako ya siri, ikishafunguka apu inaendelea kama vile umeandika namba mwenyewe. Uharaka wake ndo huo tu, unaruka kuandika namba mbele za watu. Picha ya kidole chako haiendi benki wala haiendi kwenye kampuni ya simu, na hata humo ndani simu haihifadhi picha, inahifadhi mahesabu ya ile mistari kwenye kona maalumu ya chipu ambayo apu haziruhusiwi kuingia, apu zinaambiwa tu "ndiyo ni yeye" au "hapana siye".

Nasema hivi kwa sababu kuna watu wanachanganya na kidole cha NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa. Kile tulichoweka kusajili laini, zoezi lililoanza Mei 2019, kinalinganishwa na kumbukumbu za serikali. Hiki cha kwenye simu kinaishi na kufa humo kwenye simu. Kuna mama mmoja wa Kibirizi alikuja kwangu kachoka, nikamwambia shikamoo mama, akajibu "marahaba mwanangu, nimetoka NIDA huko wameniambia sina shida yoyote, sasa hii simu mbona inanikana?" Wala NIDA hawakuwa na cha kumsaidia, shida ilikuwa protekta, nitaifikia.

Na jambo dogo lingine hapohapo: kidole kinafanya kazi ndani ya apu tu. Ukipiga *150*00# au *150*60# au nyingine yoyote ya nyota na reli, hata ungesajili vidole vyote vya mikono na miguu bado utaandika namba ya siri. Siyo tatizo hilo, ndivyo ilivyo.

Simu inakataa kidole, hasa ukiwa kazini

Hapa ndo penye wagonjwa wengi. Angalia sensa yako, yaani pale simu inaposomea kidole, iko wapi, maana zinaugua tofauti.

Kama iko mgongoni, au kwenye batani ya kuwashia pembeni, au batani ya chini mbele, hiyo inatumia chaji ndogo sana ya umeme kupima wapi ngozi imegusa, yaani nundu za mistari ya kidole, na wapi haijagusa, yaani mabonde kati ya hizo nundu. Inataka ngozi yenye unyevu wa kawaida. Maji yakijaa kwenye mabonde inaona kidole kizima ni nundu tupu, ngozi ikikauka sana inaona kama hakuna kilichogusa. Mkono wenye mawese nao unaweka utando unaobaki pale kwenye sensa, kwa hiyo hata ukinawa wewe, sensa bado chafu na kidole kisafi kinakataliwa, mtu anabaki anashangaa. Futa vyote viwili. Kidole kwa sabuni, maana mawese hayatoki kwa maji matupu, na sensa kwa kitambaa laini kilichoguswa na spiriti kidogo, siyo kumwagia. Kama huna spiriti, upindo mkavu wa kanga unatosha, ila usifutie ile kona yenye mchanga maana itakwaruza.

Anayeanika dagaa ana kesi yake: mchanga, magamba na jasho, na kama kashika samaki wa chumvi basi ngozi inajikunja na kukauka. Kunawa tu hakutoshi, akishanawa asubiri kidogo ngozi irudi, au ajipake mafuta kiasi cha kulainisha kisha afute. Wanaofanya kazi ya chumvi kule Uvinza ni hivyohivyo.

Mafundi ujenzi na wavuvi wao shida siyo uchafu, ni mistari yenyewe kulika. Saruji inakula ngozi na kamba ya wavu inasugua dole gumba na shahada usiku kucha. Hapo hakuna cha kusafisha, mistari haipo. Dawa ni kuhama kidole: tumia kidole cha pete cha mkono usiovutia kamba, au hata kidole kidogo, hivyo huwaga vizima hata kwa mvuvi mkongwe. Kinaonekana kichekesho kulipia kwa kidole kidogo ila kinafungua. Na kwa mvuvi wa dagaa kuna ujanja mmoja naupenda sana. Si unajua mwezi ukiwa mkubwa watu hawaingii ziwani, taa hazivuti dagaa, kwa hiyo mikono inapumzika na ngozi inajirudi. Sajili kidole kimoja kipindi hicho, halafu kidole kilekile kisajili tena kama kidole cha pili ukiwa katikati ya kazi, kimechubuka hivyohivyo kilivyo. Simu itakuwa na kumbukumbu mbili za kidole kimoja, cha mapumziko na cha kazini, na itakubali chochote kitakachofanana. Simu nyingi zinaruhusu vidole vitatu mpaka vitano, nafasi ipo. Kuna simu itashtuka ikuambie kidole hiki tayari kipo, hapo weka ule upande wa kidole ambao hukuuweka mara ya kwanza, mara nyingi inakubali.

Kama sensa iko chini ya kioo, zipo za aina mbili. Nyingi zinatumia mwanga, kioo kinawaka pale unapogusa na kamera ndogo chini yake inasoma mistari. Hizo zina adui mmoja mkubwa, jua. Pale mwaloni zinakotua boti, saa saba mchana jua likipiga kioo moja kwa moja sensa inapofuka, unabonyeza unabonyeza wapi. Geuka ulipatie jua mgongo, kinga kioo kwa mkono mwingine, jaribu tena. Kama ndani ya nyumba inafunguka na nje inagoma, usihangaike na kingine, ni jua hilo. Za aina ya pili zinatumia mawimbi ya sauti ambayo sikio halisikii, Samsung walianza nazo kwenye Galaxy S10 mwaka 2019, hizo jua halizisumbui na unyevu kidogo zinavumilia, ila zinachagua protekta kama mtoto anavyochagua chakula.

Ilikuwa inakubali, tangu niweke protekta inakataa

Ndo ya yule mama wa Kibirizi. Kawekewa protekta ya kioo nene mtaani, kati ya protekta na kioo pamebaki hewa, mwanga unarudi ovyo na sensa inasoma ukungu. Angalia pale pa kidole kwa kuinamisha simu, ukiona duara la rangi rangi au povu, ni hewa hiyo. Bandua, weka nyembamba ile laini ya plastiki au yenye gundi uso mzima, halafu futa vidole vyote na usajili upya ukiwa na protekta mpya juu. Hili la kusajili upya watu wanaliruka. Kidole kilichosajiliwa kwenye kioo kitupu hakifanani na kilekile kikisomwa kupitia protekta, usitegemee vitaelewana. Samsung zina setingi ya kuongeza hisia za kioo ukitumia protekta, iwashe, inasaidia kidogo.

Kwa zile za mawimbi, protekta nyingi za kioo kigumu zinaziba kabisa. Na kuna hatari ya upande wa pili, siyo kukataa bali kukubali yeyote. Oktoba 2019 iligundulika kwamba Galaxy S10 ikivaa kava fulani za silikoni kwa mbele inafunguka kwa kidole cha mtu mwingine, kwa sababu simu ilikuwa inasoma mikunjo ya silikoni yenyewe badala ya ngozi, Samsung wakatoa apdeti ya kurekebisha. Kwa hiyo ukishaweka protekta mpya fanya jaribio la dakika moja, mpe jirani aguse. Ikifunguka, bandua hapohapo, usisubiri kesho.

Nimebadilisha kioo, sehemu ya kidole imepotea kabisa

Hii nitaisema bila kupindisha ingawa inaniharibia biashara. Sensa ya mwanga chini ya kioo inahitaji kioo cha amoled, maana ndo kinachopitisha mwanga kwenda na kurudi. Vile vioo kopi vya bei nafuu, vya TFT, havipitishi, kwa hiyo ukiwekewa hicho fingaprinti imekufa hata kama sensa yenyewe nzima. Hakuna apdeti wala kuflashi (kuweka programu ya simu upya) kutakakoirudisha. Muulize fundi kabla hajafungua simu: kioo unachoniwekea kidole kitafanya kazi? Akijibu "kitafanya, tutaangalia", maana yake hakitafanya. Uamuzi unabaki wako, kioo orijino kinaweza kukaribia bei ya simu nyingine, kuna wateja wanachagua kopi na kurudi kwenye namba ya siri na wanaishi vizuri tu. Na hata kikiwekwa orijino, simu zingine zinahitaji sensa ipangwe upya kwa menyu ya fundi, kabla ya hapo inasoma kwa shida, kwa hiyo usiondoke dukani hujajaribu.

Kwa iPhone zenye batani ya chini, kuanzia 5s ya mwaka 2013 iliyoleta Touch ID mpaka 8 na zile SE, batani imefungwa ndoa na bodi ya simu hiyohiyo. Batani ikikatika fleksi (ule utepe mwembamba unaoiunganisha na bodi) au ikibadilishwa, kidole hakirudi kwa batani ya dukani. Anayekuambia ana batani mpya inayorudisha fingaprinti, mwambie akuoneshe kwanza kwenye simu nyingine iliyobadilishwa.

Simu iliyoanguka majini, au iliyodondoka na menyu ya kidole ikapotea kwenye setingi, kwa kawaida ni fleksi imeachia au imeota kutu. Zima na uwashe kwanza, ikirudi sawa, isiporudi peleka kwa fundi, hiyo huitatui kwa kidole.

Kuna moja ya kijinga ila inawapata wengi: umekosea mara tano mfululizo. Android inafunga kidole kwa sekunde 30, ukiendelea kukosea sana inafunga kabisa mpaka uandike namba ya kufungulia simu. Mtu anaona imegoma, anazidi kubonyeza kwa hasira, nayo inazidi kufunga. Acha, andika namba, endelea na maisha.

Simu inafunguka kwa kidole, apu ya pesa haitaki

Sasa tumehamia sehemu ya pili na huku kidole hakina hatia tena.

La kwanza kabisa angalia kama umewasha. Kusajili kidole kwenye simu hakuwashi kidole kwenye apu. Ingia kwenye apu kwa namba ya siri, nenda kwenye setingi zake, usalama au wasifu, tafuta penye alama ya kidole au neno bayometria, washa, itakudai namba ya siri mara moja na kidole mara moja. Apu zingine zina swichi mbili, moja ya kuingia na nyingine ya kuthibitisha malipo, umewasha ya kuingia tu ndo maana kwenye kulipa bado unaandika.

Kama sehemu hiyo haipo kabisa kuna sababu mbili tatu. Simu yenye Android ya chini ya toleo la 6.0, toleo lililotoka 2015, haina mlango rasmi wa apu kutumia kidole. Au simu ni ya bei ya chini sana na sensa yake haijafikia daraja linalokubalika kwa pesa. Google wamezipanga bayometria kwa madaraja, na ya juu ndo ile ngumu zaidi kudanganywa kwa kidole au sura bandia, apu za benki kwa kawaida zinakubali hiyo ya juu tu. Ndo maana hata kufungua kwa sura, ambako kwenye simu nyingi za mtaani ni kamera ya selfi tu, kunafungua kioo lakini apu ya benki inakupuuza. Au simu imewahi kuflashiwa au kufunguliwa ruhusa za ndani, apu zingine zikinusa hilo zinazima kidole, zingine hazifunguki kabisa. Ukinunua simu iliyotumika kwa mtu, hili lichunguze.

"Jana ilikuwa inakubali, leo inadai namba ya siri." Hili swali naulizwa kila mara na jibu lake mara nyingi ni swali: umeongeza kidole au umefuta kidole karibuni? Ukigusa orodha ya vidole, apu nyingi zinatupa ule ufunguo wa zamani makusudi na kukulazimisha uingie kwa namba ya siri na kuwasha kidole upya. Inakera ila fikiria mtu aliyechungulia namba yako ya kufungulia simu, anaingia setingi anaweka kidole chake, bila huo mtego angekuwa ameshaingia kwenye hela yako. Kwa hiyo ule ujanja wa kusajili kidole cha kazini, ufanye siku ambayo namba ya siri unaikumbuka vizuri.

Simu pia inakudai namba ya kufungulia (siyo ya pesa, ile ya kioo) ukishaizima na kuiwasha, na Android inakudai tena hata kama hujazima ndani ya kila saa 72. iPhone isipofunguliwa kwa saa 48 nayo inadai. Huko ambako umeme ukikata simu zinazima kwa kukosa chaji, watu wanaiona hii mara kwa mara wakadhani ni ugonjwa. Andika namba mara moja, kidole kinarudi. Na hizo namba mbili zisifanane jamani, ya kioo na ya pesa.

Halafu kuna hii ya hatari, umebadilisha namba ya siri kwa njia ya nyota au kwa wakala mkubwa, lakini apu bado imeshika ile ya zamani. Kidole kinakubali, tiki inakuja, afu jibu linasema namba ya siri siyo sahihi. Wewe hujaandika namba yoyote! Usirudie kidole, maana kila ukiweka unatuma namba mbovu tena na ukikosea mfululizo akaunti inafungiwa. Toka, ingia kwa kuandika namba mpya kwa mkono, zima kidole kwenye apu, kiwashe tena. Umebadilisha laini au umehamia simu nyingine, ni hivyohivyo, unaanza mwanzo.

Apu ikiwa imeduwaa tu baada ya apdeti, futa kache (mafaili ya muda ya hiyo apu, yako kwenye setingi za simu), ikishindikana iondoe uipakue upya kutoka duka rasmi la simu yako. Siyo faili la kurushiwa kwenye grupu la WhatsApp. Apu ya pesa iliyorushwa na mtu usiyemjua ni mwizi aliyevaa sare.

Tiki imekuja, hela haijaenda

Harakaharaka maana huku kidole kimeshamaliza kazi. Bando limeisha, au upo kwenye waifai na apu yako inataka data ya laini yenyewe ili ikutambue, zima waifai ujaribu. Salio linatosha bei ila halitoshi makato. Tarehe na saa ya simu imekaa vibaya, muunganisho salama unakataa simu yenye tarehe ya mwaka mwingine, weka saa ijipange yenyewe. VPN, zima.

Ya kwetu huku ni mnara. Ukiwa Kagunga, au boti imesogea upande wa Burundi, simu inaweza kudaka mtandao wa ng'ambo bila kukuambia, na saa inarudi nyuma saa nzima maana wenzetu wako nyuma yetu. Ukiona saa imebadilika ghafla, ndo dalili hiyo. Ingia setingi za mtandao, acha kujichagulia yenyewe, mchague wa laini yako kwa mkono. Usipouona kwenye orodha, subiri boti irudi huku.

Na ikigoma katikati, usilipe tena hapohapo. Angalia salio na ujumbe kwanza. Muamala unaweza kuwa umepita na ujumbe ukachelewa, na kwa kuwa kidole ni rahisi kuliko kuandika namba mtu anagusa tena bila kufikiri, analipa ndoo moja ya mawese mara mbili, halafu muuzaji naye anasema kwangu imeingia moja.

Kidole kinakubali, ila siyo changu

Kidole chochote kilichosajiliwa kwenye simu kinaweza kulipa. Chochote. Apu haijui kwamba kidole cha tatu ni cha mwanao uliyemwekea acheze gemu, au cha shemeji aliyekuwa anakusaidia kupiga picha harusini. Ingia kwenye orodha uhesabu, usichokitambua kifute, na ndo utadaiwa namba ya siri kama nilivyosema juu, sawa tu. Wengine wananiuliza kuhusu mtu kuwekewa simu kwenye kidole akiwa usingizini. Ndiyo, inafunguka, kidole kilicholala na kilichoamka ni kimoja. Kama ndani ya nyumba kuna wasiwasi wa namna hiyo, acha kidole kwa kufungulia kioo na zima ile swichi ya malipo, namba ya siri haisomwi mtu akiwa amelala.

Ukileta simu kwa fundi, mimi nikiwemo, zima kidole kwenye apu za pesa kwanza, toka kwenye akaunti. Fundi anahitaji kufungua kioo ajaribu, hahitaji namba yako ya pesa hata siku moja, akikuomba chukua simu yako uondoke.

Kidole kimewahi mno

Hii haimo kwenye maelekezo ya mtu yeyote ila nakutana nayo sana siku za gulio. Wakati wa kuandika namba ya siri ulikuwa unapata sekunde chache za kuona jina la anayepokea. Kwa kidole, dole gumba limeshakaa kwenye batani ya pembeni kabla macho hayajafika kwenye jina, unalipa kwenye lipa namba ya duka la jirani, au namba imekosewa tarakimu moja na hela imeenda kwa mtu wa Sumbawanga. Kama simu yako ina sensa ya pembeni, sajili cha kulipia kidole ambacho hakikai hapo chenyewe, mfano cha mkono wa pili, ili ulazimike kukipeleka. Na ikishaenda kusikotakiwa usimpigie aliyepokea kumbembeleza, wengine wakishajua wanatoa hapohapo. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako ukiwa na ule ujumbe wa muamala mkononi, wasomee namba ya kumbukumbu, waombe waizuie kabla haijatolewa, na kama kwenye apu kuna sehemu ya kurudisha muamala anza nayo hiyo huku unasubiri simu ipokelewe.